Mtaa Niliomchagulia Rebeka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, na mwenye gesti akaniambia nivivue. Hakuwa na ubaya. Alisema viatu vinavyogonga sakafu vinamwamsha mgeni aliyechoka na safari, na kwamba mtu wa mapokezi anatakiwa asikike anapokaribisha, si anapotembea. Gesti yenyewe ilikuwa Bunda, nyuma ya stendi, vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, ua wa saruji katikati, na pipa la maji karibu na mlango wa choo. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nina mwandiko mzuri. Huo mwandiko ndio ulioniajiri.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea mambo ya hoteli, mnaoijua kompyuta kuliko mimi ninavyolijua jiko langu. Mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyomsaidia mgeni kuchagua mtaa wa kulala na mitaa ya kutembelea, kabla simu hazijaichukua kazi hiyo. Nitaeleza. Ila msitegemee nijisifu. Katika miaka yangu yote ya kazi yupo mgeni mmoja, mwanamke, aliyeniomba mtaa wa kujificha kwa wiki moja tu, nami nikampa mtaa uliomrudisha kule alikokimbia. Wageni wengine wote niliowahudumia vizuri, na ni wengi, hawajatosha kunisahaulisha huyo mmoja.

Mwenye gesti tulimwita Karani Mkuu. Kabla ya kujenga gesti alikuwa karani wa kupokea pamba, na pamba haikuwahi kumtoka kichwani. Wakulima wanajua kwamba pamba huchambuliwa mara mbili, safi huku na fifi, yaani ile chafu, kule, na mkulima anayechanganya hurudishiwa mzigo wake mbele za watu. Basi Karani Mkuu aliwachambua wageni vilevile, kwa walikotoka. Wiki ile ya kwanza aliniwekea mbele kitabu cha wageni, daftari kubwa lenye jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula: jina, atokako, aendako, kabila, kazi, sahihi. Akaniambia kwamba safu nyingi ni za polisi, wanapita kuzikagua, lakini safu ya pili na ya nne ni zangu mimi.

"Mgeni hachaguagi kitanda," alisema. "Vitanda vyote ni vilevile. Mgeni anachagua majirani. Kazi yako wewe ni kuwajua hao majirani kabla yeye hajawajua."

Akanifundisha kile tulichokiita kumpa mgeni watu wake. Ukijua mtu katokea wapi, unampangia chumba karibu na mwenzake wa huko, na kama kwetu kumejaa unampeleka kwenye nyumba ambayo mwenyewe ni mtu wa huko. Sababu yake haikuwa mzaha. Mkoa huu wetu una lugha nyingi, na Kiswahili tulikipokea shuleni na sokoni. Mtu akiugua homa kali husahau Kiswahili, anaweweseka kwa lugha ya mama yake. Na mtu akifia chumbani, nani atajua mwili uelekee njia ipi?

Niliyaona haya kwa macho yangu kabla mwaka haujaisha. Mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe alianguka mlangoni asubuhi, anatoa povu, anasema maneno yasiyoeleweka kwa yeyote pale uani. Chumba cha jirani nilikuwa nimemweka mtu wa kijiji cha pili kutoka kwake. Akatoka, akamsikiliza, akatuambia kwamba mzee anataja dawa iliyo ndani ya kofia yake. Tulipasua bitana tukaikuta. Yule mzee aliondoka kwa miguu yake. Karani Mkuu akanitazama, akaenda zake kuchota maji. Tangu siku ile niliamini kumpa mgeni watu wake kama ninavyoamini misa ya Jumapili.

Nilikaa Bunda hadi Karani Mkuu alipougua na watoto wake wakagawana vyumba. Nikaenda Musoma, nikapata kazi katika hoteli ya ghorofa moja pale Iringo, katikati ya maduka. Hapo bosi alikuwa Bi. Meneja, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, ambaye akikasirika hukuacha mezani akaenda kupanga shuka upya, hata kama zimepangwa. Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: neno "kumejaa" lisitamkwe kaunta. Hoteli ikijaa, mtu wa mapokezi anampa mgeni kikaratasi chenye jina la nyumba nyingine na sahihi yake, na mwenye nyumba hiyo atampokea kwa heshima ileile. Kikaratasi hicho kilikuwa dhamana. Ukimpeleka mtu pabaya, ni jina lako limempeleka.

Kwa hiyo ilinibidi niujue mji. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nazunguka mtaa kwa mtaa kwa miguu, mwavuli mkononi, watu wakidhani natafuta mume. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mtaa vivyo hivyo. Ukisimama barabarani ukasifu mabati, hujajua kitu. Nilikuwa naingia, naomba maji ya kunywa, nasikiliza. Niliuliza maji ya bomba yanatoka siku gani. Niliangalia kina mama wanaanika nguo wapi, maana penye wizi nguo hazilali nje. Nilihesabu makanisa na misikiti, kwa sababu wapo wageni wanaotaka kengele na adhana ziwaamshe, na wapo wanaozikimbia.

Nikajua kwamba anayeondoka na basi la alfajiri akae Bweri, jirani na stendi, avumilie honi. Mfanyabiashara na mtu wa semina wabaki Iringo, kila kitu kipo hatua chache. Anayependa watu, soko, chakula cha moto na muziki aende Nyasho, lakini asilalamike kuhusu usingizi. Anayetaka utulivu aende Makoko, ajue tu kwamba ni mbali na kila kitu. Mwigobero ni ziwani, kuna harufu ya dagaa kwenye shuka hata zikifuliwa mara tatu, ila ukitaka kuuona mji ukiamka huwezi kuuona kwingine. Nilikuwa nawaambia wageni: asubuhi nendeni mwaloni mkaone sato na sangara wakishushwa, mchana mzunguke madukani Iringo, jua likipoa mtembee barabara ya Mukendo. Walirudi wamefurahi. Wengine waliniletea zawadi. Nikaanza kuitwa Mama Mapokezi, na nikavimba kichwa, siwafichi.

Sasa nimfikie Rebeka.

Alikuja siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa na begi moja la zipu. Wiki hiyo walimu walikuwa na semina, hoteli imejaa mpaka stoo. Alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini na kitu, amejifunga kitambaa kichwani, na kilipoteleza kidogo niliona kichwa kimenyolewa na nywele ndiyo kwanza zinachipua. Kwetu mtu mzima wa kike hanyoi nywele hivihivi. Nikajua ni mjane, na kwamba msiba bado mbichi.

Akanisalimu shikamoo, nikaitika, nikampa pole ya safari. Aliangalia mlangoni, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo.

"Mama, naomba unionyeshe mtaa wa kukaa wiki moja. Mtaa ambao hakuna mtu ananijua."

Nikacheka. Nasema wazi kwamba nilicheka, kwa huruma lakini nilicheka. Nikamwambia mjini si mahali pa kukaa mwanamke peke yake kama chumvi iliyoanguka njiani, kila mtu ana watu wake. Nikamuuliza kwao ni wapi. Alisita, akasema ametokea Bunda. Nikamwambia Bunda nimefanya kazi, na watu wa Bunda hawasemi hivyo. Lafudhi yake ni ya vijiji vya rasi, ile nchi iliyoingia ziwani, naye akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa akitazamia mtihani. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu mzima anadanganya kuhusu kwao. Mimi niliona nimeshinda.

Kulikuwa na nafasi Makoko. Nataka mlijue hilo. Kulikuwa na chumba kizuri Makoko, cha mwalimu mstaafu asiyejuana na yeyote, na nilikifikiria. Kisha nikakumbuka kichwa kile kilichonyolewa, nikasema moyoni kwamba mfiwa hapaswi kukaa na wageni, mfiwa anahitaji mtu wa kulia naye kwa lugha yake. Nikachukua kikaratasi nikaandika nyumba ya Mama Mpangishaji wa Mwigobero, mtu wa rasi, mama mkarimu asiyenyamaza. Nikatia sahihi. Hata sehemu za kutembea nikampangia: asubuhi ateremke mwaloni, atawakuta watu wa kwao wakileta samaki, atachangamka.

Alikishika kile kikaratasi muda mrefu.

"Hakuna mtaa mwingine, mama?"

"Upo," nilimjibu. "Lakini huu ndio wa kwako."

Hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa. Akasema asante, akabeba begi lake, akaenda. Kwenye kitabu cha wageni, ambamo hata wa vikaratasi tuliwaandika, nilijaza mwenyewe safu ya atokako, kwa mwandiko wangu mzuri, jina la kata na la kijiji, maana nilikuwa nimemchimba mpaka akakitaja.

Jumamosi mchana aliingia mzee mmoja aliyevaa koti, amevua kofia tangu mlangoni, mkononi ana sato watatu wakubwa waliotungwa kwenye kamba. Akaniuliza kama mimi ndiye Mama Mapokezi. Akajitambulisha kuwa ni kaka mkubwa wa marehemu, mume wa Rebeka. Alisema shemeji yao alitoka nyumbani bila kuaga, kachanganyikiwa na msiba, nao wamehangaika kumtafuta Bunda na kwingine, hadi wavuvi wao waliposikia mwaloni kwamba binti wa kwao amefikia kwa Mama Mpangishaji.

"Tumekuja kukushukuru," alisema. "Ungemweka kwa watu wengine tungekuwa bado tunamtafuta. Watu wenye adabu ya kazi kama wewe wamebaki wachache."

Nikapokea samaki kwa mikono miwili. Nje, kwenye kivuli cha duka la mbele, ilisimama pikapu, na nyuma yake Rebeka amekaa katikati ya wanawake wawili, kila mmoja amemshika mkono. Hawakuwa wamemfunga. Ukipita ungesema ni ndugu wanafarijiana. Nikampungia mkono. Alinitazama, hakupunga, hakukunja uso, aliniangalia tu kama unavyoangalia nyumba ambayo huna shida nayo. Gari likaondoka.

Bi. Meneja alikuwa amesikia kila kitu akiwa ofisini. Akatoka akawaambia wahudumu wote kwamba hiyo ndiyo huduma, kwamba mgeni akifikishwa kwa watu wake hoteli imefanya kazi ya Mungu. Sato mmoja nilimpa yeye. Wawili nikaenda nao nyumbani nikawapika kwa nyanya na bizari, tukala na wanangu tukashiba.

Jumatatu asubuhi gari la shule likasimama mlangoni. Akashuka Matroni, yaani mama mlezi wa wanafunzi katika shule moja ya bweni iliyo mbali na hapa, mtu wa maneno machache. Alikuja kumchukua Rebeka. Walikubaliana akutane naye pale hotelini, kwa kuwa ni mahali panapojulikana, ili ampeleke akaanze kazi ya upishi. Ilikuwa kazi yenye nyumba ndani ya uzio wa shule. Nikamwambia, na bado nilikuwa najisikia nimefanya jambo jema, kwamba amechelewa, ndugu wamekwisha kumpata.

Matroni akakaa kwenye kiti cha wageni. Alinieleza taratibu, bila hasira, na mimi ningependa angekuwa na hasira. Rebeka hakuwa amejaaliwa mtoto. Mumewe alipozama ziwani, wakubwa wakaamua arithiwe na kaka wa marehemu, yule mzee wa koti, ili nyumba ya marehemu ipate watoto wa kuisimamisha. Alikataa. Kwao nako hawakumtaka, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatumika kumwozea kaka yake mke. Kwa hiyo watu wa kwake wote, wa huku na wa kule, walikuwa wanataka kitu kimoja. Kilichobaki ni kupata mahali pa kukaa hadi Jumatatu.

"Alikuwaga anasema siku nne tu," Matroni alisema. "Nilimwambia aombe wiki, kwa usalama. Nilimwambia hotelini watamwonyesha mtaa, maana mnasifiwaga kwa hiyo kazi."

Nilikwenda kwa Bi. Meneja nikiwa nalia. Nikaomba ruhusa niende rasi, nikamwone yule mzee, nimwambie nilikosea, niseme lolote. Bi. Meneja alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema sisi ni hoteli, si baraza la usuluhishi, na kwamba mgeni akishatoka mlangoni safari yake ni ya kwake. Kisha akaenda kupanga shuka. Ningeweza kwenda bila ruhusa. Kulikuwa na gari la kwenda rasi kila siku, linaondokea hatua mia mbili kutoka kaunta yangu. Sikwenda siku hiyo, sikwenda wiki ile, na kadiri nilivyokawia ndivyo nilivyoona aibu zaidi. Nilikuwa mwoga. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Nilibaki pale Iringo miaka mingine, lakini kazi ilikuwa imenitoka mikononi. Mgeni akiniuliza alale mtaa gani nilikuwa namtajia yote mitano na sifa zake, kisha nanyamaza. Wageni hawapendi hivyo. Wanataka mtu awaamulie, ili pakiwa pabaya wawe na wa kumlaumu. Bi. Meneja akaanza kupata malalamiko. Na kweli simu zilikuwa zimeingia, vijana wanafika wameshaona picha za chumba kabla hawajaniona mimi, wananipita na kusema "tumeshabuku, bibi." Niliona ahueni. Simu haikuulizi kwenu ni wapi, wala haitakucheka ukisema hutaki kujulikana.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Butiama, katika hosteli ya kanisa. Huko hakuna la kuchagua. Wageni huja kuona makumbusho, wanatembea kidogo kati ya mawe na migomba, wanalala, wanaondoka. Bosi wetu alikuwa Sista Msimamizi, mtawa mfupi mwenye hatua za haraka, aliyependa kila kitu kiwe kwenye orodha. Tuligombana naye kwa sababu ya kitabu. Safu ya atokako nilikuwa naiacha wazi. Aliponiita kunionya nilimwambia mgeni akitaka kuandika ataandika mwenyewe, mimi siulizi. Akaniuliza kama nimekuwa mvivu uzeeni. Sikumwelezea. Alinionya mara mbili, ya tatu akaniambia kwa upole kwamba mwezi ujao ungefaa nipumzike.

Ni katika mwezi huo wa mwisho ndipo lilipokuja basi la wanawake wa kanisa kutoka vijiji vya rasi. Walikuwa thelathini na kitu, sare za vitenge, wanaimba tangu getini. Nilikuwa nagawa funguo, wanne kwa chumba, kama orodha ya Sista ilivyosema. Mmoja alisimama mwisho wa mstari hadi wenzake wote wakaisha. Nywele zilikuwa zimeota, zimesukwa, na nyingine nyeupe.

"Shikamoo Mama Mapokezi," alisema.

Funguo zikaniponyoka, zikaanguka mezani. Nikaanza kuomba radhi, maneno yanagongana, nikamweleza kwamba Matroni alikuja, kwamba nilijua nilichokifanya, kwamba nilitaka kwenda na sikwenda. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Nilitegemea anitukane, na niseme ukweli, nilitamani.

"Ulinitafutia pazuri," alisema. "Chumba kilikuwaga kisafi. Yule mama alinipikia uji."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ananifariji, na hilo ndilo lililonivunja. Nikamwambia kwa haraka, kabla mtu hajaingia, kwamba nastaafu wiki zijazo, nina nyumba ndogo Guta, pale Bunda, ina chumba cha nje chenye mlango wake, na kwamba mtaa ule mzima hakuna mtu wa rasi hata mmoja, nimeshauliza. Aje hata kesho. Alinishika mkono akaupapasa kama anavyopapaswa mgonjwa.

"Nina watoto watatu sasa, mama," alisema.

Kisha akaniomba kitu kimoja. Kama kuna chumba cha mtu mmoja, hata kiwe kidogo, nimpe ufunguo wake kwa mchana huo tu. Wenzake wataenda makumbusho, yeye atasema kichwa kinamuuma. Kulikuwa na chumba cha padri mgeni, mwisho wa korido, ambacho hatukuruhusiwa kumpa mtu yeyote bila Sista. Nikampa. Sikuandika popote. Kila nilipopita korido ile nilivua viatu, kama Karani Mkuu alivyonifundisha siku yangu ya kwanza.

Wenzake waliporudi saa kumi, alitoka amenawa uso, kitenge kimenyooka. Alinirudishia ufunguo kwenye kiganja.

"Asante," alisema. "Nimekaa mchana mzima hakuna aliyeniita."

Akaenda kuungana na wenzake, wakaimba, na kesho yake asubuhi basi likaondoka. Sijamwona tena. Nilimweleza Sista Msimamizi kuhusu chumba cha padri kabla hajagundua, na siku yangu ya mwisho ikasogezwa mbele kidogo. Waliniaga kwa soda na keki, Sista akasema maneno mazuri, na Bi. Meneja, ambaye naye alikuwa amestaafu, akanipigia simu kunikumbusha habari ya wale sato, akicheka. Nilimwambia mtandao unakatika.

Sasa niko Guta. Nalima mihogo na mahindi, mgongo unauma, wajukuu wananipigia wakisafiri. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na mimi ninao wa aina zote mbili. Nao wananiuliza kama mlivyoniuliza ninyi: bibi, tukienda Musoma tulale mtaa gani, tutembee wapi. Nawatajia Bweri na Nyasho, Makoko na Mwigobero, kelele za huku na harufu ya kule. Halafu nawauliza wao wanataka nini, na nikishauliza nafunga mdomo nasikiliza, hata wakisema jambo ninaloliona la kijinga. Miaka yote ile kazini, hicho ndicho kitu pekee ninachoweza kuwafundisha kwa uhakika. Nilijifunza nikiwa nimechelewa, na gharama yake hakuilipa aliyekosea.

Kile chumba cha nje bado kipo. Nakifagia Jumamosi, nabadilisha shuka hata kama hazijalaliwa, na ufunguo uko kwenye msumari karibu na mlango wangu. Sijampangisha mtu. Majirani wanaona nimeanza kuchanganyikiwa. Wanaulizaga namtunzia nani, nawaambia namtunzia mgeni. Wakiuliza mgeni huyo ni wa wapi, nawajibu kwamba sijui, sikumuuliza.